VIBALI VYA KAZI KWA WAGENI: HISTORIA YAKE NA WAJIBU WETU

Mji wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, uko juu ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Lusahunga, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kaskazini yake iko Geita, mashariki yake iko Bulyanhulu. Kote huko ni dhahabu. Hadi 2012 wilaya hii ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Geita. Hapo barabarani, kwa siku moja, wanaweza kupita watu watatu waliotoka nje ya nchi: mhandisi wa mgodi ndani ya gari la kampuni, mfanyabiashara aliyekuja kuuza mitambo ya kusaga mawe, na kijana wa Kirundi mwenye jembe begani anayekwenda kulima shamba la mwananchi.

Wote watatu wanafanya kazi katika nchi yetu. Sheria inayowahusu wote watatu ni ile ile. Lakini mara nyingi ni mmoja tu ambaye mwajiri wake ameijua sheria hiyo na kuifuata. Kwa nini iko hivyo? Na sheria yenyewe ilitoka wapi, na inataka nini? Maswali haya si ya maofisa wa Uhamiaji peke yao. Ni maswali ya siasa, kwa sababu yanahusu nani anafanya kazi, nani anapata ujuzi, na nani anabaki na matunda ya kazi hiyo. Kwa hiyo ni lazima kada wa Chama ayaelewe.

Sisi tunasema hivi: kibali cha kazi anachopewa mgeni ni hati ya deni. Taifa linamkopesha mwajiri nafasi ambayo kwa haki ni ya mwananchi, kwa sababu mwananchi huyo hajapatikana au hajafundishwa. Deni hilo halilipwi kwa ada inayotolewa dirishani. Linalipwa kwa mwananchi aliyefundishwa akaikalia nafasi ile. Historia inatuonyesha kwamba pale tulipolidai deni hili tulipiga hatua, na pale tuliposahau kulidai tuliliwa.

Karatasi ya mkoloni

Watu wa Ushirombo si wageni katika mambo ya ugeni. Katika karne ya 19 Wasumbwa walikuwa wasafiri na wafanyabiashara mashuhuri, waliofuata shaba na pembe za ndovu hadi Katanga. Mmoja wao, Msiri, alijenga huko dola kubwa yenye makao yake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke. Hakwenda kwa kibali cha serikali yoyote. Alikwenda kwa makubaliano na watawala wa huko, kisha kwa nguvu za silaha na ndoa. Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka huo huo wa 1891 wamisionari wa White Fathers walianzisha misheni yao Ushirombo. Basi katika mwaka mmoja mtu wa huku aliangushwa ugenini, na wageni wakajenga makao yao huku. Ndivyo zama zilivyobadilika: tangu hapo aliyeamua nani aende wapi kufanya kazi hakuwa Mwafrika.

Wajerumani walipoanzisha mashamba makubwa kule Tanga walikosa watu wa kuwafanyia kazi. Mwaka 1892 waliwaleta kwa meli kutoka Singapore mamia ya vibarua wa Kichina na Kijava. Mpango huo ulikuwa wa gharama kubwa nao haukufaulu. Ndipo mabepari hao walipogeukia bara, wakaanza kuwachukua Wanyamwezi na Wasukuma kwa maelfu. Huko Usambara, kuanzia 1907, kila Mwafrika alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi ya Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Tuizingatie kadi ile. Ilikuwa karatasi ya kazi, lakini haikumuuliza mgeni amekuja kufanya nini. Ilimuuliza mwenyeji kwa nini hamfanyii kazi mgeni.

Waingereza waliendeleza mtindo huo kwa maneno ya upole zaidi. Sheria yao ya 1923 kuhusu bwana na mtumishi mwenyeji ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Mwajiri akivunja mkataba ilikuwa ni kesi ya madai. Kibarua akiuvunja aliweza kwenda jela. Mashambani alishika kipande cha siku 30, na siku ambayo msimamizi hakuitia alama ilihesabiwa kuwa haikufanyiwa kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na wale waliokusanywa wakajulikana kwa jina la manamba, yaani watu waliogeuzwa kuwa namba. Wengine walitoka nje ya mpaka, Ruanda-Urundi, wakikimbia njaa na kazi za shuruti za Wabelgiji. Kwa bepari hakukuwa na tofauti kati ya Mrundi na Msukuma. Alichotaka ni mkono wa bei rahisi, ulio mbali na nyumbani kwake, usio na mtu wa kuutetea.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika machimbo. Mgodi wa Geita ulioanza katika miaka ya 1930 ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Tanganyika. Kule Mwadui, Shinyanga, almasi iligunduliwa 1940 na Mkanada, John Williamson. Waafrika walichimba, wakabeba, wakasukuma. Ramani, hesabu na maamuzi vilikuwa mikononi mwa wageni. Mwajiri hakutakiwa aseme ni lini Mwafrika ataishika ramani ile. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, nchi ilikuwa na maelfu ya watu waliowahi kuchimba dhahabu, lakini haikuwa na kitivo hata kimoja cha uhandisi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973. Tulikuwa na miaka 30 ya mgodi, na hatukurithishwa ujuzi wake.

Uhuru na swali la mgeni

Uhuru ulipokaribia, swali la mgeni liliwagawa hata wanachama wa TANU wenyewe. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, akatishia kujiuzulu pamoja na Serikali yake, kwa sababu kupima haki ya mtu kwa rangi ya ngozi ndiko kulikopigwa vita na wananchi wa Tanganyika. Mwaka 1962, chini ya Rashidi Kawawa, kazi ya kuwaweka Waafrika katika nafasi za serikali iliharakishwa, na ilikuwa lazima iharakishwe. Mapema Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba upendeleo wa rangi umekwisha: tangu hapo kinachotazamwa ni uraia. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi hawakupendezwa.

Hapa iko hoja ambayo makada wengine bado huichanganya. Ziko njia mbili za kumtazama mgeni kazini. Ya kwanza inauliza: ana rangi gani, katoka kabila gani? Ya pili inauliza: si raia, basi amekuja kwa kazi gani, kwa muda gani, na nani ataipokea kazi hiyo? Njia ya kwanza ni ubaguzi. Njia ya pili ni kujitegemea. TANU ilichagua ya pili.

Lakini kuchagua njia ni jambo moja, na kuwa na watu ni jambo jingine. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Katika madai yao mlikuwemo mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, maana miaka miwili baada ya Uhuru jeshi lilikuwa bado chini ya amri ya wageni. Serikali ililazimika kuomba askari wa Uingereza waje kuyazima maasi hayo. Lilikuwa jambo la fedheha. Mwaka uliofuata, Ujerumani Magharibi ilipokasirishwa na uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, iliwaondoa wataalamu wake waliokuwa wakifundisha kikosi chetu cha anga. Taifa likajifunza kwamba mtaalamu wa kukopwa anaweza kuondoka kwa amri ya kwao, kazi ikiwa nusu.

Kwa hiyo Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo 1980. Azimio la Arusha la 1967 likaipa kazi hiyo roho yake. Sheria ya Uhamiaji ya 1972 ikaweka utaratibu wa nani aingie na kwa shughuli gani. Tangu hapo karatasi ikageuka uso: aliyeulizwa maswali sasa ni mgeni na mwajiri wake.

Mfano mkubwa wa zama hizo ni reli ya TAZARA. Kati ya 1970 na 1975 maelfu ya wafanyakazi wa Kichina walikuja kuijenga pamoja na Watanzania na Wazambia. Waliishi katika kambi za kawaida, walikuwa na kazi yenye mwisho, na wakati huo huo karibu vijana 200 wa nchi zetu mbili walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli. Julai 1976 reli ilikabidhiwa. Tusifiche, hata hivyo, kwamba katika miaka ya 1980 ilibidi wataalamu wa Kichina waombwe tena kusaidia katika uongozi, kwa kuwa waliofundishwa hawakutosha na matengenezo yalizorota. Somo lake ni hili: hata rafiki wa kweli hawezi kukulipia deni la ujuzi mpaka wewe mwenyewe ulihesabu, uweke idadi ya watu wanaohitajika, na uwatunze waliofundishwa.

Dhahabu inarudi, na milango inakuwa mingi

Katika miaka ya 1990 mabepari wa dhahabu walirudi katika ukanda wetu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Sheria ya Madini ya 1998 ikafungua mlango kwa mitaji ya kigeni. Mgodi wa Nzega ukaanza 1998, wa Geita 2000, wa Bulyanhulu 2001.

Pamoja na mitaji hiyo wakaja wageni wa kila aina. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 iliweka madaraja matatu ya vibali vya ukaazi: A kwa mwenye mtaji na anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, na C kwa wengineo kama wamisionari, watafiti na wanafunzi. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ikamruhusu mwekezaji aliyesajiliwa kuleta wageni hadi 5 katika kuanzisha mradi wake. Sheria nyingine ya 1999 kuhusu huduma za ajira ikampa Kamishna wa Kazi sehemu yake. Hivyo milango ikawa mingi, na kila mlango ulikuwa na bawabu wake. Mwajiri mjanja alibisha hodi pale palipokuwa laini. Aliyekataliwa kama mwajiriwa aliweza kujaribu kurudi kama mwekezaji. Wakati ule ule vijana wa Shinyanga waliosoma walikuwa wakiambiwa hawana uzoefu.

Sheria ya 2015 inasema nini

Ndipo ikaja Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake. Kila kada anapaswa kuijua mifupa ya sheria hii, kwa sababu waajiri walio katika eneo lake wataulizia, na wananchi watalalamika.

Kwanza, mamlaka ya kutoa vibali vya kazi yaliwekwa mahali pamoja, kwa Kamishna wa Kazi. Kibali cha kazi ni kitu kimoja, na kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji ni kitu kingine. Mgeni anahitaji vyote viwili, na cha kazi ndicho kinachotangulia.

Pili, madaraja ya vibali vya kazi ni matano. Daraja A ni la wawekezaji. Daraja B ni la fani maalumu zilizotajwa, kama vile madaktari na wauguzi, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati. Daraja C ni la fani nyinginezo. Daraja D ni la wanaofanya kazi za dini na za hisani. Daraja E ni la wakimbizi. Mwajiri haruhusiwi kuchagua daraja kwa kutazama ada iliyo nafuu. Ni kazi yenyewe inayochagua daraja.

Tatu, mwajiri anatakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania kwa juhudi zote akamkosa. Nne, na hili ndilo moyo wa sheria, anatakiwa awe na mpango wa urithishaji: nani atajifunza kwa mgeni huyo, kwa muda gani, na lini ataichukua nafasi. Sheria ilipopitishwa iliweka kibali cha mwajiriwa kuwa cha miezi 24, kikiweza kuongezwa, lakini jumla isizidi miaka 5. Ukomo huo haukuwekwa kwa chuki. Uliwekwa kwa kuwa deni lisilo na tarehe ya kulipwa si deni tena. Ni zawadi kwa bepari.

Kanuni za madini za 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zimeongeza nguvu katika jambo hili kwa upande wa migodi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, na Julai 2025 Serikali iliweka uchimbaji mdogo miongoni mwa biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya.

Lakini sheria nzuri inaweza kuliwa na mchwa. Ziko njia za kuikwepa ambazo kila mtu wa machimboni anaweza kuzitambua. Mrithi wa karatasi: Mtanzania anaandikwa kuwa ndiye anayefundishwa, kumbe kazi yake ni kumbebea mgeni mkoba na kumtafsiria sokoni. Cheo cha kubuni: fundi wa kawaida anaitwa mtaalamu bingwa ili Mtanzania mwenye cheti cha VETA aonekane hafai. Mwenye leseni wa jina: mwananchi anaazimisha jina lake kwenye leseni ya uchimbaji, mgeni anaendesha kila kitu, na mwenye jina anapokea posho mwisho wa mwezi. Huyu wa mwisho ndiye hatari kuliko wote, maana ni mwenzetu. Mirija ya unyonyaji haishikwi na mgeni peke yake. Daima kuna mkono wa ndani unaomsaidia.

Kijana mwenye jembe

Tumrudie sasa yule kijana wa Kirundi. Tangu zamani mashamba ya Bukombe, Biharamulo na Kibondo yamelimwa kwa msaada wa mikono iliyovuka mpaka. Baadhi ya watu hao ni wakimbizi, baadhi ni watafutaji wa riziki. Anayewaajiri si kampuni yenye mwanasheria. Ni mkulima, mwenye duka, mwenye ng'ombe, na pengine, tusione haya kusema, kiongozi wa tawi. Kibarua hulala stoo, hupewa ugali, na huahidiwa malipo mavuno yakiisha. Mavuno yakiisha, mwajiri mbaya humwambia kwamba akidai sana ataitiwa Uhamiaji.

Mwaka 2013 Serikali iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Ulinzi wa mipaka ni haki ya kila taifa, na ujambazi wa silaha katika barabara zile ulikuwa wa kweli. Lakini katika zoezi lile wapo walioondolewa wakiwa wameishi hapa miaka mingi, wakaacha wake, watoto na mashamba. Kibarua aliondoka. Mwajiri aliyemlimisha bila kibali na bila mshahara alibaki na magunia.

Tujiulize kwa unyofu: tofauti yake na kipande cha mkoloni ni ipi, ikiwa karatasi inamwadhibu mwenye jembe na kumwacha mwenye shamba? Sheria ya 2015 imemweka mwajiri mbele. Ni yeye anayetakiwa kuomba kibali, na kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa lake pia. Wala Tanzania haina historia ya kumtupa jirani. Tuliwapokea Warundi 1972, na zaidi ya wakimbizi 160,000 wa kundi hilo wamepewa uraia wetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imefungua kwa hatua nafasi za wafanyakazi wa nchi wanachama, kwa fani ambazo kila nchi imekubali. Huo ndio mwelekeo wa umoja wa Afrika. Lakini umoja haujengwi kwa ujira wa ugali.

Wajibu wetu

Basi kada afanye nini? Kwanza, aijue sheria na kuieleza katika mikutano ya shina na tawi kwa lugha nyepesi, ili mwananchi ajue kwamba hata mwenye ekari mbili anapomwajiri asiye raia anakuwa mwajiri mbele ya sheria. Pili, panapokuwa na mgeni mwenye kibali katika mgodi au kiwanda, wafanyakazi kupitia chama chao waulize kwa adabu na kwa uthabiti: mrithi wake ni nani, amefika wapi katika mafunzo? Swali hilo liulizwe kila mwaka, si siku ya ziara ya kiongozi tu. Tatu, wenye kuazimisha majina kwenye leseni wakosolewe waziwazi, hata wakiwa na kadi ya Chama. Nne, kibarua wa nchi jirani alipwe ujira wake kwanza. Mambo ya karatasi yafuate sheria, na mwajiri asimame pamoja naye kujibu. Tano, na hili ni lenu wanafunzi: someni uhandisi, jiolojia na hesabu za migodi kwa bidii, kwa sababu mpango wa urithishaji usio na mrithi ni karatasi tupu.

Hatumwogopi mgeni mwenye ujuzi, na hatumchukii mgeni mwenye njaa. Wa kwanza atufundishe kisha aende na heshima zake. Wa pili apate haki ya jasho lake. Anayepaswa kubanwa ni mwajiri anayetaka kumfanya wa kwanza awe wa kudumu na wa pili awe wa bure. Siku mhandisi atakayepita Ushirombo ndani ya gari la mgodi atakapokuwa amezaliwa Runzewe au Masumbwe, akiwa amefundishwa na mgeni aliyekwisha kurudi kwao, deni litakuwa limelipwa. Mpaka siku hiyo, kazi yetu ni kudai.